Kuandika au kupatanisha: njia mbili za kazi ya amani na uhusiano wa kimataifa

"Mwanangu, umekuja kuandika au umekuja kupatanisha?"

Mzee aliyeniuliza hivyo alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mkwaju, fimbo imelala magotini. Ilikuwa kijiji kimoja cha wilaya ya Kilosa, Tanzania, na siku hiyo wakulima na wafugaji walikuwa wameitana kuzungumzia njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Mimi nilikuwa na daftari mkononi na barua ya utambulisho mfukoni. Nikajibu, kwa ujanja wa mtu aliyetoka darasani juzi, kwamba nimekuja kwa yote mawili.

Akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Kama unaandika, kaa kule nyuma, watu watakwambia yale wanayotaka yaandikwe. Kama unapatanisha, funga hilo daftari uje hapa mbele."

Nilikaa nyuma. Kilosa si mahali pa kufanyia mzaha swali kama hilo. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa aina hiyo hiyo. Tangu siku ile nimefanya kazi pande zote mbili kwa zamu, na kila kijana aliyemaliza shahada ya uhusiano wa kimataifa au ya masomo ya amani anaponijia kuuliza aelekee wapi, huwa namrudishia swali la yule mzee. Haya yafuatayo ndiyo ninayomwambia akishindwa kulijibu.

Nani ni nani

Upande mmoja yuko mtafiti: mhadhiri, mwanafunzi wa uzamivu, mchambuzi wa taasisi kama ISS, taasisi ya utafiti wa usalama ya Pretoria yenye ofisi Nairobi na Addis Ababa. Upande wa pili yuko yule ambaye vitabu humwita mtendaji: afisa mambo ya nje, mratibu wa mradi wa asasi, mshauri wa Umoja wa Afrika, padri au shehe wa kamati ya amani, hata mwanajeshi wa kulinda amani.

(Tahadhari: ukifika kijijini Tanzania ukajitambulisha kuwa wewe ni mtendaji, watu watadhani umetumwa kudai michango. Kwao mtendaji ni mmoja tu, wa kijiji. Sema msuluhishi, au taja tu uliyefuatana naye.)

Masomo yenyewe nayo si pacha. Uhusiano wa kimataifa ulipata kiti chake cha kwanza cha uprofesa Aberystwyth, Wales, mwaka 1919, majeraha ya Vita Kuu ya Kwanza yakiwa bado mabichi, na mpaka leo macho yake yako kwa dola: nani ana nguvu, nani amefungamana na nani. Masomo ya amani yalichipuka baadaye. PRIO, taasisi ya utafiti wa amani ya Oslo, ambayo Johan Galtung alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ni ya 1959. Galtung ndiye aliyetuzoesha kutenganisha amani ya kukosekana vita tu na amani yenye haki ndani yake. Mwenye moyo wa somo la kwanza atajisikia nyumbani wizarani. Wa pili atazipenda zaidi kamati za vijijini. Ila huo ni mpaka wa darasani, na ukishaanza kazi huvukwa kila siku. Usiovukika kirahisi ni ule wa mzee wa Kilosa.

Sentensi moja, miaka miwili

Chukua Burundi. Mwulize mtafiti mgogoro ule ulihusu nini, naye ataketi jioni moja aandike: kimsingi ni wa kisiasa, una sura nzito ya kikabila, na mzizi wake ni wanasiasa kugombea kuingia madarakani au kung'ang'ania humo. Mwezi ujao mwenzake atampinga kwenye jarida, watajibizana, na kila mmoja atalala kwake.

Sentensi hiyo, kwa maana hiyo hiyo, imo katika ibara ya 4 ya Itifaki ya Kwanza ya Mkataba wa Arusha, mkataba wa amani ya Burundi. Pale haikuandikwa jioni moja. Mazungumzo yalianza Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, na kamati ya kwanza ilikabidhiwa jambo ambalo kwingine lingeachiwa idara ya historia: kueleza asili ya mgogoro tangu kabla ya ukoloni. Waliokaa mezani walikuwa na makaburi yao ya mauaji ya 1972 na ya 1993. Kila tarehe ilikuwa na wafu wake, na kila neno lilikuwa na mtu wa kulisusia. Mwalimu akafariki Oktoba 1999, Mandela akapokea kijiti, saini zikawekwa 28 Agosti 2000.

Mtafiti hutafuta sentensi iliyo kweli. Msuluhishi hutafuta sentensi ambayo waliofiwa wa kila upande wanaweza kuitia saini, na akibahatika iwe kweli pia. Kama wewe hukereka ukiona neno limelainishwa ili fulani asitoke kikaoni, kazi ya usuluhishi itakutesa. Na kama hukereka ukiona wasomi wanabishania neno huku watu wanakufa, uzamivu utakutesa zaidi, tena kwa miaka minne au mitano mfululizo.

Kusema na kunyamaza

Mengine yote yanaweza kurekebishika: mshahara hupanda, mkataba huongezwa, lugha hujifunzwa. Hili la kusema na kunyamaza ni la tabia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume, wa CCM, na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa chama cha upinzani cha CUF, walikutana Ikulu ya Zanzibar. Muafaka wa vyama hivyo wa 1999 na ule wa 2001 ulikuwa umeshatiwa saini kwa shangwe na kuishia kwenye lawama. Safari hii wakubwa wawili walizungumza wenyewe, faragha. Miezi tisa haikutimia, 31 Julai 2010, Wazanzibari wakapiga kura ya maoni na asilimia 66.4 wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Mtafiti yeyote wa siasa za Visiwani angetamani kuwa mjusi wa darini siku ile. Mpatanishi angemfukuza hata huyo mjusi.

Mtafiti huishi kwa kusema alichosikia. Atabadilisha majina, ataficha kijiji, ataomba ridhaa na kupata kibali cha utafiti cha COSTECH akiwa Tanzania, NACOSTI akiwa Kenya au UNCST akiwa Uganda; lakini mwisho wa siku lazima aseme, la sivyo hana kazi. Mpatanishi huishi kwa kutosema. Akiwa hodari hasa, hakuna atakayejua alifanya nini. Wasifu wake wa kuombea kazi unachekesha: ataandika nini, kwamba alikunywa chai na mtu yule yule mara 14? Naam, na bosi aliyewahi kuifanya kazi hiyo atamwajiri kwa mstari huo mmoja.

Niliwahi kulipa gharama ya kuchanganya mambo haya. Shirika moja nililofanyia kazi lilikuwa linasaidia mazungumzo kati ya koo mbili, na tulishafika kikao cha pili. Ofisi ya juu ikataka habari ya mafanikio kwa ajili ya mfadhili, yenye picha. Tukatoa picha ya wazee wawili wameshikana mikono, ikawekwa mtandaoni. Hatukuuliza kama wale wazee walishawaambia watu wao kwamba wanakutana. Mmoja alikuwa hajasema. Picha ilimfikia mwanawe kwenye simu kabla yeye mwenyewe hajarudi nyumbani, na kabla ya jua kuzama alishaitwa msaliti. Kikao cha tatu hakikuwapo. Robo ile ya mwaka ripoti yetu ilisifiwa.

Kwa hiyo jipime. Umeambiwa siri nzito na mtu aliyekuamini. Usiku ule unatafuta kalamu, au unatafuta namna ya kuisahau? Hakuna jibu baya hapo. Kuna jibu lisilolingana na kazi uliyoomba.

Vifo 25, na soko la Wajir

Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kina hifadhidata ya migogoro ambayo watafiti wa dunia nzima huitumia. Kanuni yake ni kavu: mapigano ya silaha huingia kwenye orodha yakifikisha vifo 25 vya mapigano kwa mwaka, na yakifikisha 1,000 huitwa vita. Wapo wanaoiona kanuni hiyo ni ya kikatili. Mimi naitetea. Bila mstari wa namna hiyo huwezi kulinganisha Ituri ya Congo na Colombia, wala kumwonyesha waziri kwamba anachokiita matukio ya hapa na pale kimekuwa kikipanda miaka kumi.

Lakini Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kipimo kilikuwa kingine. Koo zilikuwa zinauana na uhasama ukaingia mpaka sokoni. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwamo, hawakuanzia kwenye mkataba wala kwenye dodoso. Walianza na soko: mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kusumbuliwa. Wakajipanga wenyewe kulisimamia. Soko lilipotulia wakawafuata wazee, kisha vijana, kisha serikali, na kutoka hapo ikazaliwa kamati ya amani ya Wajir ambayo mfano wake ulienea wilaya nyingine za Kenya. Dekha alipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007. Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi wa mwaka huo huo, alikuwa pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazarus Sumbeiywo katika kundi la raia waliokusanyika Nairobi kutafuta njia ya kuzima moto. Alifariki 2011 kutokana na ajali ya barabarani.

Mauaji mangapi yalizuilika sokoni Wajir? Hakuna jedwali linaloweza kujaza kisanduku hicho. Hilo ndilo fumbo la mtendaji: akifaulu, takwimu zinabaki tupu, na mfadhili anauliza fedha zilikwenda wapi. Mtafiti hana shida hiyo. Ana nyingine, kwamba anapofika na dodoso lake lililotafsiriwa kwa Kiswahili cha ofisini, anauliza juu ya "mgogoro" na watu wanajibu hapana, hapa hakuna mgogoro. Ukikaa hadi chai ya pili unasikia kuwa kuna ugomvi, kuna kesi, kuna "yale mambo". Nimeona madodoso zaidi ya mia yakijazwa "hapana" kwa sababu ya neno moja.

Hatari haichagui cheo

Watu hudhani msuluhishi ndiye anayehatarisha maisha na mtafiti yuko salama na kompyuta yake. Machi 2017, Michael Sharp na Zaida Catalán waliuawa Kasai, Congo. Walikuwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na kazi yao siku ile ilikuwa ya kiutafiti: kuuliza nani alifanya nini. Sharp kabla ya hapo aliwahi kuwa upande wa pili kabisa, akifanya kazi na makanisa ya mashariki mwa Congo kuwashawishi wapiganaji wa FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, watoke msituni warudi kwao. Mtu yule yule, nchi ile ile, kiti tofauti. Anayemshawishi mpiganaji arudi kwa mamaye na anayeandika jina la kamanda kwenye ripoti hawaonwi kwa jicho moja.

Waliokuwa nao siku ile, mkalimani na waendesha pikipiki, hutajwa mara chache sana. Hapo kuna funzo kwa kijana wa Goma, Bukavu au Bujumbura anayeingia utafiti kupitia mlango wa mtafiti msaidizi. Yeye ndiye anayeijua njia, lugha na mtu wa kumpigia simu kabla ya kuondoka. Mgeni akishapanda ndege, yeye ndiye anabaki na majirani. Wenzetu wa Kivu wamelisema hili waziwazi miaka ya karibuni. Kabla hujasaini hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi uliyopewa, uliza mambo mawili: jina langu litakaa wapi kwenye chapisho, na nikipata tatizo baada ya nyie kuondoka nimpigie nani? Wakikohoa, ondoka.

Pesa

Hapa nitapita haraka kwa sababu hakuna siri. Mtafiti wa chuo kikuu hupata kidogo kwa uhakika. Mtendaji wa mradi hupata kingi kwa mkataba wa mwaka mmoja, na mkataba wenyewe unaning'inia kwenye uamuzi wa mtu aliye mbali. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada, na ilipofika Julai mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ikawa imefungwa. Watu wa miradi ya amani niliowazoea walirudisha kompyuta za ofisi ndani ya wiki. Watafiti waliotegemea mifuko hiyo hiyo nao waliumia, ila aliyekuwa na ajira ya kudumu ya kufundisha aliendelea kusahihisha mitihani.

Mlango wa chuo kikuu, hata hivyo, ni mwembamba. Matangazo mengi ya vyuo vya umma Tanzania hudai GPA (wastani wa alama, kati ya 5) ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 ya umahiri. Uliyepata 3.4 usilie, usuluhishi haujawahi kuuliza GPA. Jenerali Sumbeiywo, aliyesimamia mazungumzo ya Sudan kuanzia Machakos 2002 hadi mkataba wa Januari 2005, alikuwa mwanajeshi.

Mahali pa kusomea, ukilinganisha

Anayetaka ubalozi na wizara, Dar es Salaam ana chuo cha Kurasini, Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa cha Dkt. Salim Ahmed Salim, ambacho watu bado hukiita Chuo cha Diplomasia. Kilianzishwa 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, na historia hiyo si pambo: ni chuo kilichozaliwa na wapigania uhuru waliohitaji wanadiplomasia haraka. Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha wanadiplomasia tangu 1973.

Asiyeweza kuamua kati ya masomo mawili aende Hekima, Nairobi, taasisi ya Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, iliyoanza 2004 na ambayo shahada yake ya umahiri huunganisha amani na uhusiano wa kimataifa kwa jina na kwa vipindi. Hapo utakaa darasani na mtawa aliyetoka Sudan Kusini na afisa wa polisi, na nusu ya elimu utaipata mezani wakati wa chakula.

Makerere kuna Kituo cha Amani cha Rotary, kozi ya mwaka mmoja yenye ufadhili. Wanataka uzoefu wa kazi wa miaka mitano, kwa hiyo usikimbilie huko ukiwa na joho la juzi. Nadhani sharti hilo ni la busara kuliko mengi niliyoyaona. Mwenye mapenzi na kazi ya kulinda amani atazame kozi fupi za IPSTC, kituo cha mafunzo ya kulinda amani kilichoko Karen, Nairobi, ambako raia, polisi na wanajeshi hukaa pamoja.

Umri nao uangalie mapema. Mpango wa vijana wataalamu wa Umoja wa Mataifa unakomea miaka 32; kujitolea Umoja wa Afrika ni miaka 18 hadi 35, kwa mwaka mmoja. Nimewaona wengi wakigundua hayo wakiwa na miaka 33.

Je, mtu hawezi kuwa yote?

Anaweza. John Paul Lederach, Mmarekani wa kanisa la Wamenno, alishiriki usuluhishi Nicaragua miaka ya 1980 na ndiye mmoja wa waliofanya dunia iijue kazi ya akina mama wa Wajir. Lakini ukimsoma utaona mpangilio: kwanza alikaa, kisha akaandika, na kati ya hayo mawili ikapita miaka. Hakuwa na daftari wazi mezani.

Ushauri wangu kwa asiyejua aanzie wapi ni aanze na utafiti, mwaka mmoja au miwili, hata kama ni wa kukusanya madodoso kwa jua kali. Kutoka kuandika kwenda kupatanisha kunawezekana: unafunga daftari, unasogea mbele. Kurudi ni kugumu, kwa sababu watu waliokuamini kama mpatanishi watashtuka siku watakapojisoma. Na usifanye yote mawili katika kijiji kimoja. Badili wilaya, badili nchi ikibidi.

Siku ile Kilosa, kikao kilipovunjika, yule mzee alikuja nyuma nilikokuwa nimekaa. Akataka nimsomee nilichoandika. Nikaanza na hotuba, akapunga mkono: hizo alizisikia. Nikamsomea mstari wa pembeni niliouandika kwa kuchoka, kwamba vijana wa pande zote mbili hawakuingia kikaoni. Walikuwa barabarani, kila kundi juu ya pikipiki zake, wakitazamana tangu saa nne.

Aligeuka akatazama barabarani. Pikipiki zilikuwa zimeshaondoka, vumbi lilikuwa bado halijatua.

"Hao," akasema, "mimi sikuwaona."